Mwingilianomatini ni nini? Mfano wa Baba Krismasi mwenye tromboni

Mtu akikuambia "Haraka haraka…" kisha akanyamaza, kumalizia ni kazi yako. Walimu wa fasihi wana neno refu la jambo hilo: mwingilianomatini. Kazi moja ya sanaa inagusa nyingine iliyoitangulia, na anayeijua ile ya zamani anajijazia yasiyosemwa.

Chukua Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu msafiri wa nyakati na sayari. Katika kipindi cha Krismasi kilichorushwa na BBC tarehe 25 Desemba 2005, Rose, mwenzake msafiri huyo, na rafiki yake Mickey wanapita sokoni London. Kando yao kuna bendi ya akina Baba Krismasi wenye majoho mekundu na nyuso za bandia, wanapuliza wimbo wa zamani wa Noeli, God Rest Ye Merry, Gentlemen. Mara ala zinaelekezwa kwao. Tromboni inatema moto. Kumbe ni roboti.

Kwa nini wimbo huo? Ubeti wake wa kwanza unawaombea waungwana Mungu awadumishe katika furaha, wala wasifadhaishwe na lolote. Wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani unawataka waungwana wachangamfu wapumzike, kwa sababu hawaioni ile koma iliyo baada ya neno Merry. Basi maneno yanasema tulieni, ala zinasema kimbieni. Isitoshe, tuni yake ni ya huzuni huzuni, haina ule uchangamfu wa nyimbo nyingi za Krismasi, kwa hiyo kuigeuza iwe ya kutisha si kazi kubwa.

Kuna tabaka la pili. Katika hadithi ya Krismasi ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens ya mwaka 1843, kijana anauanza wimbo huohuo kwenye tundu la ufunguo la ofisi ya bahili Scrooge. Scrooge anakamata rula, kijana anatimua mbio. Na mwaka uleule wa 2005 Doctor Who ilikuwa imeshamleta Dickens mwenyewe kama mhusika, mkesha wa Krismasi wa 1869 mjini Cardiff. Asiyeyajua haya yote ataona roboti tu, na bado atashtuka.

Lakini si kila wimbo unaosikika ni mwingilianomatini wa maana. Katika kipindi hichohicho, mti wa Krismasi unazunguka kama msumeno sebuleni huku ukipiga Jingle Bells, wimbo wa Mmarekani James Pierpont wa 1857 ambao hata haulitaji neno Krismasi. Hapo, kwangu mimi, ni mzaha tu, tena wenye kelele.