Jina kwenye bili ya intaneti si jina la mwizi

Septemba 2003 kampuni za muziki za Marekani, chini ya umoja wao wa RIAA, ziliwafungulia kesi watu 261 kwa mkupuo, zikidai kwamba walisambaza nyimbo mtandaoni bila kibali. Zilipotangaza Desemba 2008 kwamba zinaachana na kampeni hiyo, walioandamwa walikuwa wamefika takriban 35,000. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida majumbani mwao.

Dhana: Anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) humtaja mkosaji.
Hapa ndipo chanzo cha balaa lote. Wapelelezi wa kampuni hizo waliingia kwenye mitandao ya kubadilishana mafaili kama Kazaa, wakanakili anwani ya IP na saa, kisha kampuni ya intaneti ikatakiwa kusema mteja ni nani. Jina linalotoka ni la anayelipa bili. Aliyekaa mbele ya kompyuta anaweza kuwa mtoto, mgeni, mpangaji, au jirani anayetumia Wi-Fi isiyo na nywila. Tena anwani hizi huhama kutoka mteja hadi mteja, hivyo saa ikikosewa, anatajwa mtu asiyehusika kabisa.

Katika kesi zile za mwanzo, bibi mmoja wa Massachusetts alidaiwa kusambaza nyimbo za rap kwa Kazaa. Kompyuta yake ilikuwa Macintosh ya Apple, na Kazaa haikufanya kazi humo. Kesi ikaondolewa. Mwaka 2005, huko West Virginia, alishtakiwa bibi aliyekuwa ameshafariki Desemba iliyotangulia.

Dhana: Aliyelipa amekiri.
Hili linaniuma kuliko yote. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila wimbo, na hadi 150,000 ikithibitika ni makusudi. Ukiambiwa umalizane nje ya mahakama kwa dola elfu chache, na wakili wa kupigana hadi mwisho anagharimu zaidi ya hapo, utafanyaje? Familia zisizo na kosa zililipa ili zipate kulala.

Dhana: Akaunti ni yako, basi kosa ni lako.
Mama mmoja wa Oklahoma alikataa kulipa. Kampuni ziliposhindwa kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyesambaza, zilijiondoa, na mwaka 2007 jaji akaziamuru zimlipe zaidi ya dola 68,000 za gharama za wakili. Wachache sana waliwahi kurudishiwa hivyo. Mwaka 2018, katika kesi ya filamu, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho la Marekani, nayo ilisema kuwa mwenye akaunti tu hakutoshi.

Dhana: Asiye na hatia aipuuze barua ya madai.
Hapana. Ukishapelekewa hati za mahakama ukanyamaza, hukumu yaweza kutolewa upande mmoja, bila yeyote kupima ushahidi wako. Jibu ndani ya muda uliotajwa, dai waonyeshe anwani ya IP, tarehe na saa kamili, na usifute chochote kwenye kompyuta: huenda humo ndimo ulimo utetezi wako.