Ramani, jamu na maji ya Bwaise: uongo tunaouamini kuhusu nafasi

Uingereza ni kubwa kuliko Uganda, si ndiyo? Ukiangalia ramani ya dunia ya mtindo wa Mercator, ule wa 1569 ambao mpaka leo umejaa kwenye intaneti, inaonekana ingeweza kumeza Uganda mbili na bado ikasikia njaa. Kumbe zinakaribia kulingana, Uganda kama kilomita za mraba 241,000, Uingereza kama 243,000, na hapo Scotland na Wales na Ireland Kaskazini nimeshazihesabu zote. Wapo wanaosema ni njama ya wakoloni kutudogosha lakini mi naona hapo wakoloni wanasingiziwa kidogo, Mercator alikuwa anawafikiria mabaharia, alitaka pembe zisiharibike ili nahodha akichora mstari aufuate kwa dira mpaka afike, sasa gharama yake ni ukubwa, kadri unavyoiacha ikweta ndivyo nchi inavyovimba. Uingereza imevimba karibu mara 3. Sisi ikweta inatupitia pale Kayabwe barabara ya Masaka kwa hiyo hatujavimba karibu hata kidogo. Na usisumbuke kutafuta ramani isiyodanganya, mwaka 1827 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba uso wa mpira haulaziki bapa bila kuvutwa au kuchanwa mahali, kila mchora ramani anachagua tu aharibu nini.

Dhana nyingine naisikia sana kwa wanafunzi, eti hesabu za nafasi, zile dhahania kabisa, ni za kufaulia mtihani basi. Topolojia, hesabu ya nini kimeungana na nini, itanisaidia nini Kampala? Haya, ilianzaje. Mji wa Königsberg, leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, ulikuwa na madaraja 7, watu wakawa wanabishana kama mtu anaweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu. Mwanahesabu Leonhard Euler mwaka 1736 akasema haiwezekani, na hakupima hata mita moja, alihesabu tu kila kipande cha ardhi kinaguswa na madaraja mangapi. Urefu wa daraja haukumhusu. Kilichomhusu ni nini kimeungana na nini, na hiyo ndiyo apu ya boda kwenye simu yako inachofanya saa hii, haioni mtaro wa Nakivubo wala hainusi, inaona vituo na mistari na kila mstari una gharama yake.

Halafu umbali. Watu wanadhani umbali ni mita, mwisho wa maneno. Mfaransa Maurice Fréchet mwaka 1906 akauliza, kitu kikiitwa umbali kinatakiwa kitimize nini? Masharti yenyewe ni machache, kutoka hapa mpaka hapahapa ni sifuri na sehemu mbili tofauti haziwezi kuwa sifuri, kwenda na kurudi ni sawa, na kuzunguka kupitia kwa mtu wa tatu hakuwezi kuwa kufupi kuliko kwenda moja kwa moja. Chochote kinachotimiza hayo ni umbali, hata kama unalinganisha maneno au vinasaba. Sasa chukua Kabalagala kule chini na Muyenga kilimani. Kwa mita kwenda na kurudi ni sawa, lakini muulize mtu anayepanda kile kilima kwa miguu na gunia la viazi begani, halafu muulize akiteremka mikono mitupu, na muulize pia wa boda, kupanda atakutajia bei nyingine. Sharti la pili limeshavunjika! Wanahesabu hawalii, wana aina ya nafasi ambayo kwenda na kurudi si lazima kulingane na wanaifanyia kazi vizuri tu. (Mvua ikinyesha bei za boda hazifuati sharti lolote, hiyo hata Fréchet angeshindwa.)

Barabara mpya inamaliza jamu? Wakati mwingine ndiyo. Lakini mwaka 1968 mwanahesabu Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu kwamba unaweza kuongeza njia na kila mtu akachelewa zaidi, kwa sababu kila dereva anakimbilia ile njia ya mkato, wote wanabanana kwenye vipande vilevile vyembamba, na hakuna mwenye faida ya kutoka peke yake. Seoul walianza mwaka 2003 kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon wakaurudisha mto, na jamu kubwa iliyotabiriwa haikutokea. Sisemi tubomoe flaiova jamani! Nasema teksi zetu nyingi bado zinakuleta kwanza parki za mjini ndipo uchukue nyingine, na lami hata uipanue vipi haibadilishi umbo hilo.

Kampala haikupangwa, hii nayo kila mtu anaisema akiwa amekwama. Imepangwa tena na tena banange. Ernst May, yule msanifu Mjerumani aliyejenga mitaa ya Frankfurt, aliichorea mpango miaka ya 1940 na ulihusu zaidi upande wa Kololo na Naguru. Ng'ambo ilikuwa Kibuga, mji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, chini ya serikali yake ya Mengo, na mamlaka yake yenyewe. Na Kibuga hakikuwa fujo, mpelelezi Henry Stanley alipofika kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1875 alishangaa barabara pana zilivyonyooka, na machifu walipewa viwanja upande unaoelekea ssaza zao (majimbo yao), yaani mpangilio wa mji wenyewe ulikuonyesha nchi. Kwa hiyo mipango ilikuwepo, tena miwili, ila haikuongea wenyewe kwa wenyewe.

Wachoma rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) wa Wandegeya je, wamekaa pale kibahati? Bill Hillier na Julienne Hanson wa London walianza miaka ya 1970 kuchunguza mitaa kwa kuhesabu unakata kona ngapi badala ya mita ngapi, wakaona mpangilio wa mitaa peke yake unaeleza sehemu kubwa ya wapi watu watapita, si yote lakini. Pale Wandegeya chuo cha Makerere, hospitali ya Mulago na barabara ya Bombo vinakutana, kona hata haihitajiki.

Ya mwisho ndiyo inaniudhi. Eti mtaa wa Bwaise unafurika kwa sababu watu wake wanatupa kaveera (mifuko ya plastiki) kwenye mifereji. Kaveera zinaziba, kweli, lakini Bwaise iko bondeni kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi na maji yanateremka kutoka vilimani ambako mabati, lami na peva za kompaundi zimefunika udongo uliokuwa unayanywa. Mtaro ukichimbwa kwa kupima mvua ya Bwaise peke yake utafurika tu, lazima upimwe na ile ya wanaoishi juu.