Kichafuzi cha pili: moshi unapogeuka ukiwa angani

Ukianika nguo Muhoroni au Chemelil, kwenye mashamba ya miwa karibu na Kisumu, siku ambayo shamba la miwa linachomwa kabla ya kukatwa, utaona masizi meusi, membamba kama uzi, yakishuka polepole juu ya shuka jeupe. Unakung'uta, unafua tena, unalaumu moto. Masizi hayo ni kichafuzi cha kwanza: yametua vilevile yalivyotoka shambani.

Sehemu kubwa ya moshi huo haionekani, na haitui siku hiyo. Hupanda ikakaa hewani kwa saa au siku kadhaa, na huko jua, unyevu na gesi nyingine huigeuza iwe kitu ambacho hakikutoka katika shamba lolote wala ekzosi yoyote. Hicho ndicho huitwa kichafuzi cha pili. Jina lisikudanganye ukadhani ni kidogo kwa madhara.

Chukua matatu ya Kondele, mtaa wa Kisumu. Ndani ya injini kuna joto kali mno, na joto hilo huunganisha naitrojeni na oksijeni ambazo ni hewa ya kawaida, zikatoka kama oksidi za naitrojeni. Nje, mwanga wa jua huipiga mojawapo ya oksidi hizo, naitrojeni dioksidi, na kung'oa atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo haiwezi kukaa peke yake. Hujishikiza kwenye oksijeni tunayovuta, na matokeo yake ni ozoni. Mvuke wa petroli na moshi wa kuni na miwa huichochea kazi hiyo iendelee mchana kutwa. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya chini ni gesi ileile, ila huku inachoma mapafu na majani.

Cha kushangaza, barabarani penyewe ozoni mara nyingi si nyingi, kwa kuwa moshi mbichi wa magari huila. Huongezeka baadaye, upepo ukishausogeza moshi mbali. Na Kisumu upepo una desturi yake: mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, basi hewa hutoka ziwani, hupita mjini na kuelekea nyanda za Kano na miinuko ya Nandi. Mama mwenye robo eka ya maharagwe huko, asiye na hata pikipiki, ndiye anayekaa njiani mwa gesi ambayo magari ya mjini yameianzisha. Jambo hili linaniuma, kwa sababu hakuna atakayemwambia.

Maharagwe ni kati ya mazao yanayoumizwa upesi na ozoni. Gesi huingia kwa vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, ikaharibu chembe hai za ndani. Jani huota madoadoa, huzeeka kabla ya wakati, na ganda hujaza punje chache. Ukiliangalia unaweza kudhani ni ugonjwa au upungufu wa mbolea. Mboga za majani ndizo zilizofichua siri hii huko Marekani: wakulima wa kandokando ya Los Angeles waliona mazao yao yakiungua bila moto, na mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, akaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba jua likiangaza mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni, ozoni huzaliwa.

Safari ya oksidi hizo haiishii kwenye ozoni. Hewani kuna chembe iitwayo haidroksili, inayoishi kwa muda usiofika hata sekunde chache lakini ina nguvu ajabu. Ikikutana na naitrojeni dioksidi, huzaliwa tindikali ya naitriki. Usiku hufuatwa njia nyingine isiyohitaji jua. Tindikali hiyo ikikutana na amonia inayopanda kutoka kwenye samadi, mikojo ya ng'ombe na mbolea ya urea, huwa vumbi laini sana la chumvi ambalo upepo unaweza kulibeba mbali.

Watu wengi wakisikia haya hutaja mvua ya asidi, yaani mvua yenye tindikali. Ni kweli ipo, ila ile iliyoua samaki wa maziwa ya Skandinavia ilitokana hasa na salfa ya makaa ya mawe, na sisi Kenya umeme wetu hautokani na makaa hayo. Dizeli nayo ilipunguziwa salfa Afrika Mashariki kuanzia 2015. Udongo wa Kakamega na Siaya una tindikali nyingi, lakini lawama kubwa ni ya mvua za karne nyingi zilizoosha madini ya udongo, na ya mbolea ya DAP, na dawa yake ni chokaa. Ziwa Nakuru nalo lina magadi mengi kiasi kwamba tindikali kidogo ikidondoka humezwa tu.

Kwa Ziwa Victoria hofu yangu ni nyingine, kwamba naitrojeni hii ni mbolea. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwa hili ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Kwa hiyo hewa ina mlango mpana wa kuingilia, na pamoja na naitrojeni huleta fosforasi iliyo kwenye majivu na vumbi. Mto Nyando na maji taka ya mjini huongeza yao. Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa hili iliyo upande wa Kisumu, haina kina kirefu, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu ni mwembamba. Virutubisho vikiingia havitoki upesi. Mwani hustawi hadi maji yanakuwa kijani kibichi, gugumaji hushiba, kisha mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni majini na samaki hukosa pumzi.

Jua likitua, upepo hugeuka. Nchi kavu hupoa, na hewa iliyoshinda juu ya mji na mashamba ya miwa hurudi ziwani. Juu ya maji hukutana na pepo za pande nyingine, hupanda, na ngurumo huanza. Hiyo ndiyo saa wavuvi wa omena wako kazini na taa zao, na mvua inayowalowesha mgongoni huenda imeosha moshi wa mchana ule.