Lakteti haikai mpaka Jumanne

"Daktari, nikande nitoe asidi." Jumanne nimeambiwa hivyo tena, na kijana aliyekimbia mbio za Jumapili na sasa anashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Anaamini, kama wengi, kwamba maumivu ya baada ya mazoezi ni asidi ya laktiki, yaani lakteti, iliyobaki kwenye misuli. Hakuna asidi ya kutoa. Misuli ikivunja glukosi (sukari ya mwilini) kwa kasi hupata kemikali iitwayo piruveti, na piruveti ikizidi uwezo wa mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, hugeuzwa lakteti. Hiyo lakteti ni ya kupita tu. Nyingine huunguzwa na nyuzi za jirani palepale, nyingine hubebwa na damu hadi kwenye moyo, ambao huitumia kama nishati, au kwenye ini, ambalo huirudisha kuwa glukosi. Ukiwa umepumzika, lita ya damu yako ina lakteti takriban milimoli 1 (kipimo cha wingi wa kemikali). Mtu akimaliza mita 400 kwa nguvu zote inaweza kupita 15. Saa moja hivi baadaye imeshashuka karibu na ilipokuwa. Maumivu yenu huanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi, yakakolea siku ya pili au ya tatu. Asidi iliyoisha Jumapili mchana itaumaje Jumanne?

Kinachouma ni michaniko midogo sana ya nyuzi na uvimbe unaoifuata, hasa misuli ikifanya kazi huku inarefuka. Panda kilima mbio: lakteti tele, maumivu ya kesho kidogo. Kiteremke: lakteti kidogo, na kesho mapaja hayagusiki.

Eti ni sumu? Dripu ya Ringer tunayomwekea mgonjwa aliyeishiwa maji ina lakteti ndani. Eti hutokea oksijeni ikikosekana tu? Chembe nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria, huitengeneza usiku na mchana, hata umelala. Na maji ya ndimu ya kukata asidi hayana cha kukata.

Kukandwa taratibu kunatuliza, sikatai. Ila anayekubonyeza mpaka ulie akidai anakamua asidi anaumiza misuli ambayo tayari imejeruhiwa. Mimi nasema tembea dakika 20 polepole, na miteremko uiongeze kidogo kidogo wiki hadi wiki.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, huku misuli imevimba na haina nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Usikae nyumbani ukingoja asidi itoke.