Gari likishika usukani, kwa nini macho ya dereva huhama barabarani?

Magari mengi ya siku hizi hujishikia njia, na huongeza au kupunguza mwendo kwa kufuata gari la mbele. Wahandisi huita hilo daraja la 2: gari linajiongoza, lakini dhamana yote ni ya dereva, kila sekunde. Basi mbona mtu mzima mwenye leseni huishia kuchezea simu?

Jibu lilipatikana kabla ya kompyuta kuingia garini. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha jaribio alilowafanyia wanajeshi wa Uingereza, akitaka kujua kwa nini walinzi wa rada hupitwa na ishara. Aliwakalisha mbele ya mshale unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache uliruka hatua mbili, na kazi yao ilikuwa kuinasa hiyo tu. Baada ya nusu saa, walianza kupitwa. Hawakuwa wavivu. Ubongo ukingojeshwa jambo lisilotokea, huchoka kungoja. Kusimamia gari ni kazi ngumu kuliko kuliendesha, ingawa matangazo ya biashara hayasemi hivyo.

Tarehe 23 Machi 2018, huko Mountain View, California, Tesla Model X iliyokuwa ikijiongoza ilipotea njia na kuingia kwenye pembetatu inayotenga barabara kuu na njia ya kuchepuka. Mbele hapakuwa tena na gari la kufuata, kwa hiyo ilikaza mwendo hadi kama kilomita 114 kwa saa na kugonga kizuizi. Dereva alifariki. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba katika sekunde 6 za mwisho usukani haukuhisi mkono wowote, wala breki haikukanyagwa. Kwa mwendo wa 100 tu, sekunde 6 ni mita 167.

Usukani wa magari mengi hupima msukumo wa mkono, haujui macho yako wapi. Ndiyo maana watu huudanganya kwa kuufungia kitu kizito. Kamera inayomtazama dereva usoni ni afadhali.

Kinachosaidia ni kujibakizia kazi. Katika safari ndefu, washa kidhibiti mwendo peke yake na usukani ushike mwenyewe: mkono unaokata kona huyalazimisha macho yabaki mbele. Gari unalolifuata likihama njia ghafla, weka mguu juu ya breki papo hapo, kwani huenda limekwepa lori lililoharibika. Mifumo mingi ya rada hupuuza vitu vilivyosimama ikiwa mwendo ni mkubwa, la sivyo ingefunga breki kwa kila bango na kila daraja. Mistari ikifutika, mvua ikichachamaa au ukifika penye matengenezo, zima mifumo yote ya kujiongoza.

Kwa wanaonunua magari yaliyotumika Japani, kuna la ziada. EyeSight, mfumo wa Subaru wa kumsaidia dereva, kwa mfano, hutegemea kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima zipimwe na kulengwa upya, kwa sababu kupinda kidogo tu huharibu makadirio ya umbali. Na kama maonyo ya dashibodi yako bado ni ya Kijapani, tafuta wa kukutafsiria kabla hujabonyeza kitufe cha kuuwasha mfumo huo.