Kuunganisha simuleta ya Condor na XCSoar: dhana potofu na ukweli

Condor ni simuleta ya glaida, ndege zisizo na injini, iliyotengenezwa Slovenia. Inaweza kupeleka taarifa za safari yako kwenye programu ileile ya usafiri wa angani ambayo marubani huitumia wakiruka kweli, kama XCSoar kwenye simu. Haya ni mazoezi ya thamani kubwa: vitufe vya kifaa hujifunzwa mezani, si pale ndege kadhaa zinapozunguka pamoja katika hewa moja inayopanda. Inasikitisha kwamba wengi huachia njiani kwa kuamini mambo yasiyo kweli.

“Natumia simuleta, basi nichague SIM.”

Hapana. XCSoar ikifunguka hukuuliza: FLY au SIM? Ukichagua SIM, programu inajiigizia yenyewe; unasogeza ndege kwa kidole, na chochote kinachotoka nje hakisomwi. Unaweza kukagua waya usiku kucha bila kupata kosa. Chagua FLY. Kifaa hakina haja ya kujua kama ndege ni ya kweli. Kinachosoma ni mistari ya maandishi ya NMEA, mfumo ambao vifaa vya GPS hutumia kupeana taarifa: GPRMC na GPGGA hutaja mahali, mwendo na kimo, hata idadi ya satelaiti. Condor huandika mistari hiyohiyo.

“Waya wa USB unatosha.”

Mara nyingi waya huo huchaji simu na kuhamisha mafaili tu. Condor hutuma NMEA kupitia poti ya siriali, yaani COM. Kama XCSoar iko kwenye kompyuta hiyohiyo, programu ya com0com hutengeneza poti mbili zilizounganishwa: Condor iandike kwenye moja, XCSoar isome nyingine. Usizielekeze zote kwenye poti moja, maana itakayotangulia kuifungua huizuia ya pili. Kwa simu, Bluetooth inafaa. Kisha zima GPS ya simu yenyewe katika orodha ya vifaa, la sivyo ramani itakuonyesha nyumbani kwako ilhali ndege iko juu ya milima ya Slovenia.

“Dreva yoyote itafaa, mradi ndege inasogea.”

Hapa ningeomba umakini zaidi. Dreva ni sehemu ya XCSoar inayotafsiri mistari inayotoka kwenye kifaa fulani. Condor hutuma pia mstari wa LXWP0, wenye kasi ya hewani, kiwango cha kupanda au kushuka, na upepo. Condor ya mwanzo iliandika upande ambao upepo unaelekea, wakati vifaa vya LX, vyombo vya usafiri vya glaida, huandika unakotoka. Ndiyo maana XCSoar ina dreva yake maalumu ya Condor. Kwa Condor hiyo, ukiweka ya LX, mshale wa upepo unageuka nyuzi 180. Upepo wa mbele unahesabiwa kuwa wa nyuma, kifaa kinakuhakikishia kwamba kimo kinatosha kufika uwanjani, nawe unaishia kutua shambani.

“Kasi ya poti ya biti 4800 kwa sekunde ni ndogo mno.”

Inatosha. Ni takriban herufi 480 kwa sekunde, na mstari mmoja wa NMEA hauzidi herufi 82. Kwa waya halisi wa siriali, hakikisha tu pande zote mbili zimewekwa kasi moja.

“Ramani itakuja yenyewe.”

NMEA haibebi ramani. Pakia ya eneo unalorukia. Vituo vya njia vimo katika faili la .cup ndani ya folda ya mandhari ya Condor. Linakili kwenye kifaa.