Sintesaiza ya Zamani Ikigoma: Anza na Umeme Kabla ya Kulaumu Chipu

Katika karakana tunayofundishia elektroniki hapa Mwanza huletwa vinanda vya kila aina, vya kwaya na vya bendi, na mara mojamoja hujitokeza sintesaiza ya analojia, yaani ile inayounda sauti kwa saketi zenye volti zinazopanda na kushuka, si kwa kusoma sauti iliyorekodiwa kwenye kumbukumbu. Mwenye chombo huwa ameshaambiwa huko alikopita kwamba chipu imekufa na haipatikani tena. Kwa uzoefu wetu, chipu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ya kwanza ni umeme unaoilisha.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230, wa Japani ni 100 na wa Marekani ni 120, na vingi vya vyombo hivi vilitengenezwa katika nchi hizo mbili. Tuliwahi kuletewa kinanda kutoka Igoma kikinuka kama mpira ulioungua. Kibandiko kilisema volti 100. Ndani, fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ikazungushwa kwa ustadi hasa, mikunjo yote sawasawa. Fyuzi ilipokatika mara ya kwanza ilikuwa imefanya kazi yake. Ile karatasi ndiyo iliyoruhusu transfoma ipikwe. Chombo cha namna hiyo kinahitaji transfoma ya kushushia umeme, na fyuzi yake ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile zilizoandikwa.

Ukishafungua, kumbuka kwamba kapasita kubwa za upande wa umeme huendelea kushikilia chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo zipime kwanza ndipo uingize kidole. Kisha, chombo kikiwa kimewashwa na mkono mmoja ukiwa mbali na chesi, yaani fremu ya chuma, pima kwa multimita volti zinazotoka kwenye bodi ya umeme. Katika vyombo vingi utakuta volti 15 chanya na volti 15 hasi, na 5 kwa sehemu ya kidijitali pale ilipo, ingawa kitabu cha ufundi cha modeli husika ndicho chenye neno la mwisho. Ukikuta upande hasi haupo, usishangae sauti kutoweka kabisa au noti kuruka ovyo: katika sintesaiza kama Minimoog ya miaka ya 1970 oktavo moja ni volti moja, kwa hiyo nusu toni ni takriban milivolti 83 tu, na umeme unaoyumba kidogo hupotosha muziki mzima.

Wanamuziki wana kipimo kingine ambacho mafundi wengi hawana, nacho ni sikio. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye daiodi za kunyoosha hubaki na mtikisiko wa mara 100, ambao ni karibu kabisa na noti ya G ya chini. Mngurumo ukiwa kwenye G hiyo, shuku kapasita zilizokauka baada ya miaka 40. Ukiwa oktavo moja chini yake, angalia kwanza waya wa sauti na uunganishaji wa ardhi. Kwaya yenye mpiga besi mzuri itakujibu swali hili kabla multimita haijatoka mfukoni.

Umeme ukiwa safi, ifuate sauti katika njia yake: oskileta inayoizaa, filta inayoichuja, amplifaya inayoikuza, kisha tundu la kutokea. Anzia katikati. Chukua amplifaya ndogo, tia kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye ncha ya waya wake, uguse panapotokea filta. Ukisikia sauti, tatizo liko mbele. Usiposikia, rudi nyuma.

Kwa vyombo vya sauti nyingi, yaani vinavyoweza kutoa noti kadhaa kwa pamoja, bonyeza noti moja mara nyingi mfululizo. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 ina sauti sita zinazopokezana, kwa hiyo kimya au mkwaruzo unaorudi kila mara ya sita unaonyesha sauti moja mbovu. Hapo ndipo chipu hushukiwa kwa haki, maana chipu zake za 80017A zimefunikwa gamba ambalo kwa kuzeeka huanza kupitisha umeme, na mafundi huziloweka kwenye asetoni kulivua. Korg Polysix ya 1981 ina ugonjwa wake: betri ya kumbukumbu huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Itoe mapema, hata kama kinanda bado kinalia.

Ziwa nalo lina mchango wake. Vidudu vya ziwani, vile vinavyotanda kama moshi juu ya maji, hufuata taa za ukumbi na kufia chini ya vibao vya kinanda, na unyevu wa masika huweka kutu kwenye kontakti. Safisha kwa spiriti na brashi laini. Mafuta ya taa, ambayo wengi huyakimbilia, huacha utando unaonasa vumbi.

Tuni iachwe mwisho. Washa chombo dakika 20 kwanza, kwa kuwa oskileta za analojia hubadilika kwa joto, na ukumbi wa bati saa nane mchana si ule wa asubuhi yenye upepo wa ziwa. Kabla ya kugusa skrubu yoyote ndogo ya kurekebishia, itie alama kwa rangi ya kucha, mstari mmoja uvuke skrubu na ukingo wake, ili ikibidi uirudishe ilipokuwa.